Injini Mbili, Mlima Mmoja
Sehemu ya Tisa

Nati ilizunguka.

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, na najua wengine wenu mlinilaani. Basi turudi palepale kabla chai yenu haijapoa.

Bi Nukta alikuwa ameigeuza injini ya Fundi Saa kichwa chini miguu juu kwenye stendi ya chuma. Lakiri, ule muhuri wa waya ulioifunga, alikuwa ameshaikata kwa koleo. Bakuli la oili alikuwa ameshalifungua na kuliweka sakafuni. Na nati moja ya konrodi ya tatu, ile inayoshikilia pistoni isichomoke ikapasua kila kitu, ilizunguka kwa vidole vyake viwili kama kizibo cha chupa.

Injini ya fundi anayesifiwa kuliko mafundi wote. Nati imelegea.

Na nyuma yake mlango wa karakana ukalia.

Kama leo ndiyo unajiunga nasi, kaa upesi, nakueleza mara moja tu. Leo ni Alhamisi. Keshokutwa Cheche, mdogo wake wa pekee Bi Nukta, anapanda mlima kwa gari la kizamani aliloacha marehemu baba yao. Ni mbio za kona ishirini na mbili. Mkono mmoja mwamba, mkono wa pili bonde tupu. Injini ikikwama ghafla kwenye kona, magurudumu ya nyuma yanakwama nayo, na gari linakwenda linakotaka lenyewe.

Gari halina injini. Karakana inazo mbili. Moja imo kwenye maboksi manne juu ya rafu: pistoni, ringi, beringi, gasketi, vyote vipya, vyote vipande, vinangoja mkono wa Bi Nukta wa kuviunganisha. Ya pili ni hiyo ya kwenye stendi, iliyokuja tayari kutoka kwa Fundi Saa. Cheche anataka iliyo tayari. Mwezi mzima ndugu hawa wamegombana hadi majirani wamechoka.

Bi Nukta, mkitaka ukweli wake, alikuwa akiziogopa zote mbili. Ya Fundi Saa aliiogopa kwa sababu hakuona ikifungwa. Ya maboksi aliiogopa kwa sababu angeifunga yeye.

Miaka sita iliyopita aliifunga injini ya gari hilohilo. Alipofika konrodi ya tatu akaitwa kwenye simu. Aliporudi hakukumbuka kama ile nati alikuwa ameivuta mvuto wa mwisho au bado. Akajiambia aliivuta. Siku ya nne injini ikakwama mteremkoni, na baba yao hakurudi nyumbani. Tangu hapo kila nati anayoikaza anaipaka tone la rangi nyeupe, ndipo watu wakampa jina. Hawajui jina hilo linamchoma kiasi gani.

Haya. Mlango umelia.

Aliyeingia alikuwa Fundi Saa mwenyewe, mzee mfupi mwenye koti la kazi lililopigwa pasi, mkono wa kulia mfukoni, wa kushoto umebeba mkoba. Bi Nukta alisahau hata kumwamkia.

Mzee aliitazama lakiri iliyokatwa. Akalitazama bakuli sakafuni. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa, ni nani aliyekata.

“Mimi,” Bi Nukta alisema. “Na bora nimekata. Tazama ulichomletea mdogo wangu.”

Akaigusa ile nati. Ikazunguka. Alitegemea mzee abadilike rangi, ajitetee, apige kelele. Mzee akatikisa kichwa kukubali.

“Ndiyo. Niliiacha hivyo.”

Bi Nukta alirudi hatua moja, akashika ukingo wa meza, na akajikuta anapima umbali wa mlango. Mtu anayelegeza nati ya konrodi kwa makusudi si mtu wa kukaa naye chumba kimoja.

“Karatasi iko wapi?” Fundi Saa aliuliza.

“Karatasi gani?”

Hapo ndipo mzee naye alipoingiwa na hofu. Aliinama akalipekua kwa mkono mmoja sanduku ilimokuja injini, akageuza mabaki ya plastiki, akainuka bila kitu. Akaeleza harakaharaka. Miaka thelathini na moja, kila injini inayotoka kwake anaacha nati moja imefungwa kwa vidole tu. Kwenye lakiri anafunga karatasi nyekundu, kubwa, kipofu pekee ndiye asingeiona: kata lakiri, fungua chini, kaza nati hii, tia saini, nirudishie. Fundi ambaye hajatia mkono ndani, alisema, hataisikiliza injini siku itakapolalamika. Ni kazi yake hiyo, na hajawahi kuuza injini bila karatasi.

Hii ilikuja bila karatasi. Au ilikuja nayo, ikang'olewa.

“Nani alipokea?” mzee aliuliza, ingawa alijua.

Alipokea Cheche. Na Cheche ndiye aliyempigia mzee simu jana, akamwomba aje kuikaza ile nati yeye mwenyewe.

“Alikwambia nini hasa?” Bi Nukta aliuliza.

Mtu mwenye huruma angedanganya kidogo, lakini Fundi Saa hajui kudanganya. Ndiyo maana injini zake ni ghali.

“Alisema nyumbani kwenu hakuna fundi.”

Bi Nukta aligeuka akaanza kupanga spana ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Karakana hiyo iliyo nyuma ya nyumba ya mama yake ameiendesha peke yake miaka sita, na mdogo wake wa tumbo moja anasema hakuna fundi. Kwa hiyo Cheche anajua, alijiambia. Siku zote amejua ni nati yangu iliyomuua baba, na hataki mkono wangu uiguse injini yake. Na akaona, waziwazi kabisa, jinsi mambo ambavyo yangekwenda: karatasi imechanwa, mzee amechelewa njiani, Cheche kwa pupa yake amewaita rafiki zake wawili wakaifunga injini garini hivyohivyo.

Fundi Saa alitoa kwenye mkoba spana ndefu yenye kipimo, akamnyooshea.

“Kaza, mwanangu. Tumalize.”

Aliishika. Akaiweka kwenye nati. Mkono ukaanza kutetemeka hadi spana ikagonga chuma, tik, tik, tik, na akaiondoa.

“Siwezi. Kaza wewe.”

Mzee akautoa mkono wa kulia mfukoni, ule ambao hakuna aliyeuona kwa miezi mingi, akauweka juu ya injini mbele yake. Ulikuwa ukitetemeka kuliko wa Bi Nukta. Ulitetemeka wenyewe, bila mzee kuogopa chochote.

“Mwaka wa pili sasa,” alisema. “Kila nati ya injini hii nimeikaza mara mbili, kwa sababu ile mara ya kwanza siiamini. Hujaambiwa na mtu. Sasa umeambiwa.”

Jamani wasomaji, mwekeni dada huyu moyoni. Injini iliyo tayari imefungwa na mkono unaotetemeka. Injini ya maboksi inangoja mkono mwingine unaotetemeka. Na mlima uko palepale.

Akasema basi ataifunga ya maboksi. Usiku na mchana, ataifunga, kila nati ataihesabu kwa sauti. Fundi Saa akamkatiza. Kuifunga kwa siku mbili inawezekana, alisema, hata kwa siku moja na nusu. Lakini injini mpya lazima izoeshwe kwanza, iendeshwe polepole kilomita mia tano na zaidi, vyuma vijuane. Ukiitoa kwenye maboksi Ijumaa ukaipeleka mlimani Jumamosi, itapata moto na itakwama kabla ya kona ya kumi. Yake yeye imeshazoeshwa wiki tatu kwenye mashine, kabla hajailegeza ile nati. Hiyo ndiyo tofauti, na wala hakuna la kubishania.

Kwa hiyo ilibaki injini moja tu inayoweza kupanda. Na ndani yake nati moja inayongoja mtu.

Ndipo Bi Nukta alipopasuka. Alimwambia mzee yule, ambaye si ndugu yake wala rafiki yake, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu yeyote isipokuwa mama yake. Simu ilivyolia. Alivyorudi. Alivyosimama mbele ya injini ya baba yake bila kukumbuka, na alivyoona aibu kuifungua upya kwa sababu baba alikuwa amesimama pale akimsifu mbele ya wageni.

“Konrodi ya tatu,” alisema. “Kama hiihii. Nilimuua baba yangu kwa sababu niliona aibu.”

Fundi Saa hakumpa pole. Alimkazia macho.

“Nani amekwambia nati ile ililegea?”

“Hakuna aliyeniambia. Najua.”

“Mama yako hakukwambia?”

“Aniambie nini?”

“Usimwambie.”

Sauti hiyo haikuwa ya mzee. Mama yao alikuwa amesimama kwenye mlango mdogo unaotoka jikoni, ndala miguuni, kitambaa cha kufutia vyombo mkononi. Hakuna aliyemsikia akiingia. Alikuwa amesimama hapo tangu lini, hata mimi sijui.

“Nilikuahidi nikidhani utamwambia wewe,” Fundi Saa alimjibu. “Miaka sita, mama. Tazama mkono wa mtoto wako.”

Mama hakuutazama.

Mzee akasema yote kwa mpigo, kama mtu anayeng'oa jino. Baada ya ajali ile injini ilipelekwa kwake achunguze. Aliifungua kwa mikono yake, wakati huo ikiwa bado mizima. Konrodi nne, nati nane, zote zimekazwa sawasawa. Ile ya konrodi ya tatu ilimpa tabu hadi akachomeka bomba kwenye spana ili ipate kulegea.

Injini ilikufa kwa kukosa oili. Bakuli la chini lilikuwa na ufa, umepigwa na jiwe, na ufa ulikuwa umezibwa kwa sabuni.

“Sabuni?” Bi Nukta alisema.

Alielewa kabla hajamaliza kuuliza. Kila dereva anajua kuwa tangi la petroli likitoboka njiani unaziba kwa kipande cha sabuni, na kinashika hadi ufike. Anayejua kazi nusu anadhani sabuni itashika na oili. Inashika, ikiwa baridi. Oili ikichemka sabuni inalainika, inadondoka, na kile kilichokuwa ndani kinamwagika chote barabarani bila dereva kuona.

Akamgeukia mama yake. Hakuuliza ni nani, maana watu wenye funguo za gari lile walikuwa watatu, na mmoja wao yuko kaburini.

“Alikuwa na miaka kumi na saba,” mama alisema. “Alilichukua gari kwa siri, usiku ule kabla ya safari. Nilimkuta asubuhi na sabuni yangu ya kufulia, nikamwuliza ya nini, akasema anaosha gari. Nikafurahi. Nilifurahi, mwanangu. Baada ya mazishi huyu mzee akaniita akanionyesha, ndipo nikajua. Nikarudi nyumbani niseme. Nikakukuta wewe umekaa sakafuni unalia, unaniambia ni nati yako.”

“Ukanyamaza.”

“Nikanyamaza.”

“Kwa nini mimi?”

Mama alikikunja kile kitambaa mara mbili, mara nne.

“Kwa sababu wewe ungeweza kuishi nalo. Yeye asingeweza.”

Bi Nukta alitamani kucheka, akatamani kupiga kitu, akatamani kulala palepale sakafuni alale wiki nzima. Miaka sita. Rangi nyeupe makopo kwa makopo. Wachumba wawili aliowakataa kwa sababu aliona hastahili nyumba yenye furaha. Mzigo ulikuwa umetuliwa kutoka begani kwake kwa dakika mbili tu na tayari alihisi hasira inapanda kujaza nafasi yake, hasira tamu, ya haki, na alikuwa amefungua mdomo aimwage yote juu ya kichwa cha mama yake.

Hakuimwaga. Maneno ya mwisho ya mama yalikuwa bado yanamzunguka. Yeye asingeweza.

Na geti kubwa la karakana, lile la magari, lilikuwa wazi robo.

Cheche alikuwa amesimama hapo, mgongo umeegemea bati, kofia ngumu ya mashindano kwapani. Kijana wa miaka ishirini na mitatu ambaye siku zote huingia kwa kelele na kuondoka kwa kelele. Leo hakuwa na kelele hata kidogo. Uso wake ulikuwa mkavu na mtulivu, na utulivu huo ulimtisha dada yake kuliko nati iliyolegea.

“Nilijua,” alisema. “Tangu siku ile. Halafu nikakusikia unamwambia mama ni nati yako, nikasema basi, ni nati yake. Nikaamini. Niliamini kweli, dada.”

Mama alianza kumwita kwa lile jina la utotoni, akashindwa kulimaliza.

Cheche akamsalimia Fundi Saa kwa heshima, akamwomba radhi kwa kumsumbua. Akasogea hadi kwa mama yake, akavua saa ya mkononi, ile ya baba, ambayo haivui hata akioga, akamwekea kiganjani na kumfumba vidole.

“Nitunzie, mama.”

Kisha akaishusha kofia ile juu ya meza, pole pole.

“Jumamosi napanda. Nifungieni injini yoyote.”

Yoyote! Huyu ndiye aliyegombana mwezi mzima. Aliyesimamia rangi ya mipira ya maji. Aliyemnyima dada yake neno la heri kwa sababu ya aina ya gasketi. Sasa anasema yoyote.

Bi Nukta alielewa: mtu anayekabidhi saa na kusema yoyote hapangi kurudi. Mwezi mzima alikuwa anaiogopa injini. Kumbe kilichokuwa cha kuogopwa kilikuwa kimesimama mbele yake na kimevaa viatu vya mdogo wake.

Akasema hafungi injini yoyote, gari litabaki hapo hadi lioze. Cheche akamjibu kwa upole kwamba si neno, kuna rafiki yake ana gari zima, atapanda kwa hilo, ameshajiandikisha. Alisema kama mtu anayezungumzia kwenda dukani. Mama alimtazama Bi Nukta, Fundi Saa alimtazama Bi Nukta, kila mtu akamtazama fundi ambaye nyumbani hayupo.

Akafanya hesabu yake kwa haraka. Kumfungia ndani? Atavunja mlango. Kulia? Atambembeleza, kisha ataondoka. Kumsamehe mbele za watu? Msamaha huo ndio ungemmaliza.

“Kiti cha pembeni kina mtu?” aliuliza.

“Kipi?”

“Cha gari la baba. Sheria inaruhusu wawili. Kina mtu?”

“Hakina.”

“Jumamosi ni changu. Na ukienda kwa la rafiki yako, nitakaa humo. Ukinishusha nitalala mbele ya magurudumu, wewe unanijua.”

“Dada, hapana.”

“Nitafunga mkanda, nitakaa. Utakapokwenda tutakwenda wote. Sasa usiniambie yoyote. Injini ni hizo mbili. Chagua itakayotupandisha sisi wawili.”

Na hapo, wasomaji wangu, ule uso mkavu ukapasuka. Cheche aliogopa. Aliogopa waziwazi, midomo ikimcheza, akimtazama dada yake kana kwamba ameshamwona ndani ya gari lililopinduka. Bi Nukta alishukuru kimoyomoyo. Mtu anayeogopa bado ana kitu anachokitaka.

Alingoja mdogo wake anyooshe kidole kwenye stendi. Ilikuwa rahisi: injini iliyozoeshwa, inayoweza kupanda na kushuka, imebakiza nati moja. Hata mtoto angechagua hiyo.

Cheche alipita stendi bila kuitazama. Akaenda kwenye rafu, akateremsha boksi la kwanza kati ya yale manne, akaliweka sakafuni na kuuchana utepe wake wa gundi kwa ufunguo.

“Hii,” alisema. “Nataka ya mikono yako.”

Fundi Saa na Bi Nukta walijua hesabu ya kilomita mia tano, na Cheche, aliyelelewa karakanani, aliijua kama wao. Mtu anayechagua injini isiyoweza kuwa tayari Jumamosi ama ameamua kutopanda, ama ameamua kutoshuka.

Bi Nukta alimtafuta usoni ajue ni lipi. Lakini kijana alikuwa ameshapiga magoti, ameinamia boksi, anazitoa pistoni moja baada ya nyingine na kuzipanga sakafuni.